Kibati cha Marehemu

Shangazi yangu alifuma shuka miaka ishirini na sita kwa jina la mwanamume, na mwanamume mwenyewe alikuwa kaburini. Siku zile kiwanda cha nguo hakikuajiri wanawake. Mumewe alipokufa kwa kifua, msimamizi alimwita pembeni akamwambia avae kibati cha kazi cha marehemu, namba 212, aendelee na mashine yake na mdomo aufunge. Shangazi alimshukuru mpaka basi. Mimi simshukuru hata chembe.

Mashine zilimmaliza masikio. Akawa haongei ila kwa kupiga kelele, nasi watoto tukambandika jina la Honi. Alicheka tu. "Angalau mimi nasikika!" Kwenye mikutano ya kudai kura za wanawake hakuhitaji kipaza sauti. Alikuwa na hamu moja tu, apige kura kabla hajafa.

Mimi nilipoajiriwa, kiwanda kilikuwa kimeshaanza kuandika wanawake. Shangazi aliganda mbele ya meza ya karani wa kiwanda mpaka akaona jina langu limekaa kitabuni. La kwake hakuligusia. Aliogopa kutibua mambo yaliyokuwa yanakwenda.

Hatimaye sheria ikapita, nusunusu: atapiga kura mwanamke aliyeajiriwa miaka mitano.

"Mitano!" Shangazi alipiga makofi. "Si watanipa kura tano mie!"

Mimi nami nilikuwa nimeshatimiza mitano, tukaenda pamoja kujiandikisha. Karani wa uandikishaji, niliyemwomba apaze sauti, alifungua orodha ya kiwanda.

"212 ni mwanamume, mama."

"Huyo mume wangu, alishafariki. Anayefanya kazi ni mimi."

"Humu sikuoni."

"Basi tazama mikono yangu."

Hakuitazama. Alichukua rula, akapiga mstari juu ya 212, kisha akaandika pembeni: amefariki.

Nakala ya orodha ilirudi kiwandani. Jumatatu mlinzi wa getini, ambaye kila asubuhi alimwamkia shikamoo, alimvua kibati huku akitazama chini.

"Mwenye namba hii amekufa, mama. Mimi nimetumwa tu."

Shangazi alibaki ameshika pale kibati kilipokuwa. King'ora kililia, nami nikaingia kazini nikamwacha amesimama. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Siku ya kura nilikwenda peke yangu. Niliporudi nilimkuta ukingoni mwa kitanda, mikono imelala mapajani, haina kazi. Aliniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Walikuuliza jina?"

"Waliniuliza!" nilimpigia kelele.

"Ukataja lako?"

"Langu, shangazi!"

"Kwa sauti?"

Mezani alikuwa amekaa karani yule yule aliyempiga mstari shangazi, na mimi jina langu nilikuwa nimelinong'ona. Nikamwitikia shangazi kwa kichwa.