Mabega ya Ngatia

Watu wa Wamagana walipenda kumcheka Ngatia. Walisema anatembea kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha jana. Mabega yalimwangukia mbele, shingo ilimtoka kama ya kobe, na ingawa alikuwa mrefu, akisimama na mkewe Wachuka ungedhani wametoshana. Mimi jirani yao sikucheka, kwa sababu nilijua ni nani aliyemkunja.

Ni mama yake, Kagure. Wakati wa Hali ya Hatari, tulipofungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miiba, walinzi walikuwa wakitupanga uwanjani na kuchagua wanaume wa kupelekwa kizuizini. Hawakuuliza umri, waliangalia kimo. Muriithi, mwanawe wa kwanza, mtu wa kusimama wima na kumtazama kila mtu usoni, alikuwa ameshaingia msituni kupigana na Waingereza. Aliyebaki ni Ngatia, ndevu bado hazijaota lakini urefu umeshampita marehemu baba yake. Kila tulipoitwa, Kagure alimfinya ubavuni akamnong'oneza, "Kunja mabega. Jifanye mtoto." Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wasemavyo. Alikunjika, akaachwa, akabaki na mama yake.

Uhuru ulipokuja Kagure alikwenda uwanja wa Ruringu kuwatazama waliotoka msituni, mmoja mmoja, akarudi peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba Muriithi amekufa. Nani angethubutu, na maiti hakuna aliyeiona? Akaendelea kumbakizia irio chunguni. Ngatia naye akaendelea kuinama. Hatari ilikuwa imekwisha lakini mabega hayakuambiwa.

Kwa miaka alichimba viazi vya watu huko Mweiga, na kila msimu kifua kilizidi kubana. Kisha akasikia hoteli moja mjini Nyeri inatafuta bawabu, mtu mrefu wa kufungulia wageni mlango, koti jekundu lenye vifungo vya shaba. Alikwenda. Meneja alimtazama akasema arudi akishanyooka. Watu walicheka tena, wajinga wale, lakini Ngatia hakuitaka kazi hiyo kwa ajili ya koti. Alitaka kutoka matopeni kabla kifua hakijamwua, ni hilo tu.

Akamwendea Wasike, polisi kutoka Bungoma aliyekuwa amewahi kufundisha makuruta gwaride.

"Afande, mgongo yangu inaweza kunyooka?"

"Mgongo haina shida, bwana," Wasike akasema. "Shida ni mazoea. Wewe mtu mrefu hivi, unajificha kutoka kwa nani?"

Akamsimamisha ukutani: visigino, makalio, mabega na kisogo, vyote viguse udongo. Siku ya kwanza kisogo hakikufika. Wasike hakumsukuma. Alimwambia arudishe kidevu nyuma polepole, asikiinue juu kama jogoo, na apumue. Akampa fimbo ya kupitisha nyuma ya mgongo, ishikwe kwa viwiko, atembee nayo uani. Akamkataza mto wa kulalia. Akamwagiza alale chali mkekani, gunia lililokunjwa chini ya mabega, mikono wazi, mpaka kifua kifunguke. Na jembe lake likatiwa mpini mrefu. Kila asubuhi Ngatia alifanya hayo yote, machozi yakimtoka kwa maumivu, na Wachuka akimkanda kwa maji ya moto.

Mvua ndefu zilipokwisha alikuwa mtu mwingine. Meneja alimpa kazi palepale. Nilifurahi sana, sitaficha.

Jumamosi ya kwanza alirudi nyumbani na lile koti. Kagure alikuwa ameketi mlangoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia vivuli tu, kwa hiyo watu aliwajua kwa maumbo yao. Aliona mtu mrefu, aliyenyooka, anaingia uani kwake.

"Muriithi!" akapiga ukelele. "Muriithi umekuja!"

"Ni mimi, maitu. Ni Ngatia."

"Ngatia hasimami hivyo," akasema, akimpapasa mabega, akicheka na kulia. Hata sauti haikumsaidia Ngatia, maana tangu ujana ndugu hao walikuwa na sauti moja.

Siku hiyo Kagure alikula sahani nzima. Wachuka hakuwa amemwona akila hivyo tangu aolewe. Jumamosi iliyofuata Ngatia aliinama kwa makusudi kabla ya kufika, akaingia kama zamani. Mama yake alimjua mara moja, na swali lake likawa moja, "Ngatia, ndugu yako yuko wapi? Ati ameenda tena?" Akasukuma chakula kando, akageukia ukuta, na kwa juma zima akanywa uji kwa kulazimishwa.

"Mwache awe na Muriithi wake," Wachuka akamsihi mumewe. "Anakufa njaa huyu."

Nami nilisema hivyo hivyo, na hata leo sijui tungesema nini kingine. Tangu hapo Ngatia aliingia nyumbani kwao amenyooka, akaitika jina la ndugu yake. Alisimulia habari za msitu ambamo hajawahi kulala. Mama alinenepa. Majirani waliomcheka wakaanza kuusifu mgongo wake, ati sasa ni mwanamume. Aliniambia siku moja tukitoka kanisani kwamba anajiona kama mwizi.

Baridi ya Julai ilimshika Kagure mapafuni. Ngatia aliomba ruhusa hotelini, akaketi kando ya kitanda na koti lake jekundu, mimi na Wachuka tukiwa mlangoni. Alimshika mama yake mkono kutwa nzima. Alasiri Kagure akafungua macho.

"Muriithi."

"Niko hapa, maitu."

"Wewe ulienda mbali na umerudi. Lakini yule mdogo wako, yule nilimficha mimi, nikamwinamisha ili nibaki na mtoto. Sasa amepata kazi ya mjini na hajui mlango wangu. Niko na uchungu naye. Ninakufa na Ngatia hajakuja hata kuniona."

"Amekuja, maitu. Yuko hapa."

"Usimtetee."

Ngatia alivua koti, akalitupa chini. Akakunja mabega, akatoa shingo mbele, akainama kando ya kitanda vile mama yake alivyomfundisha uwanjani. Nilimsikia akisema, "Niangalie, ni mimi." Kagure alikuwa ameshageukia ukuta, na hakugeuka tena.