Meno ya bandia, bega lililoshuka na nafasi ya ami yangu kwenye safu

Wakuu, salaam aleikum.

Hili sikusimuliwa. Limetokea nyumbani kwetu Wiyoni, Lamu, na mhusika ni Ami Athmani, ndugu wa baba, aliyenilea.

Kwanza mnijue. Nilitoka hapa na begi moja la nguo. Nikaosha vyombo hotelini Mombasa huku nasoma, mpaka nikapata diploma ya kutengeneza meno ya bandia. Hakuna aliyempigia simu mkubwa yeyote kwa ajili yangu. Leo nina karakana yangu mjini na kazi zangu zinajulikana. Ndiyo, najisifu. Nimeyatolea jasho.

Ami ni mshona kofia, hizi zetu za mkono zenye vitundu vidogo, ambazo moja tu huweza kula miezi. Magego yake ya kushoto yaling'oka zamani. Kwa hiyo chakula hutafuna kulia, na uzi huuvuta na kuukata kwa meno ya kulia, shingo ikiwa imelala upande huohuo kutwa nzima.

Niliporudi nilimkuta kichwa kimeinama kulia na bega la kulia limeshuka. Taya linauma, shingo imekaza. Mtaani wengine walisema kijicho, wengine kiharusi. Daktari alimpima, akasema si kiharusi.

Lakini kilichomuumiza hasa kilikuwa msikitini.

Mnajua safu ilivyo, bega kwa bega. Kila akisimama, jirani humgusa kwa upole: "Bwana Athmani, simama sawa." Naye amesimama sawa kadiri awezavyo.

Akahamia mwisho wa safu. Kisha safu ya nyuma. Kisha akawa anasali chumbani, mtu aliyekuwa safu ya kwanza tangu ujana wake.

Nikamwambia, "Ami, hili niachie mimi."

"Utaninyoosha bega kwa meno?" Akacheka. "Huko mlikokwenda mmesomeshwa mambo."

Hapa nisimame kidogo. Kuhusu meno na posture, yaani mkao wa mwili, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Misuli ya taya na ya shingo ni majirani, ukiuchosha mmoja, mwingine huweza kulalamika. Lakini anayekuambia kwamba meno peke yake yatanyoosha mgongo, huyo anakuuzia maneno.

Daktari wa meno akamkagua na kumchukua vipimo, mimi nikamtengenezea meno ya bandia ya kushoto. Wakuu, ile ilikuwa kazi safi. Ya juu na ya chini yanakutana bila kugombana.

Miezi ikapita. Hakuna kilichobadilika. Nikadhani kipimo kimekosewa, nikayarekebisha. Bado.

Siku moja mkewe, Bi Khadija, akaniita jikoni. "Mwanangu, mbona huulizi huyavaa lini?"

"Huyavaa lini?"

"Akisikia sauti yako mlangoni."

Nikamfuata ami barazani, nikamuuliza bila ukali. Akaweka sindano chini.

"Nikiyavaa, mai ya udhu hayafiki tini yake, kwenye ufizi. Nisukutueje? Sala haitasihi. Na kuyatoa na kuyarudisha kila sala nimechoka. Bora yakae kwenye gilasi."

Mtu aliyejitoa msikitini kwa aibu, kumbe chumbani alikuwa akiulinda udhu wake namna ile. Diploma yangu haina somo hilo, na sikujifanya ninalo.

Nikaenda kwa imamu. Akaja mwenyewe, akaketi barazani.

"Athmani, si lazima uyatoe. Udhu wako umetimia. Na sisi tunakukosa."

"Mimi ndiye ninayewapindishia safu, sheikh."

"Safu haipindishwi na bega. Inapindishwa na nafasi iliyoachwa wazi."

Ami alirudi kushona, lakini mato yake, kama tusemavyo huku, yalikuwa yamejaa maji.

Baada ya hapo aliyavaa kweli. Pia nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafundishwa kunyoosha shingo na kuweka mto chini ya mikono ili kofia imfuate yeye, si yeye kuiinamia kofia. Uzi sasa anaukata kwa mkasi, ingawa mkasi wenyewe anaulaumu kila siku.

Taya liliacha kuuma. Shingo ikalegea. Bega lilipanda, si lote.

Ijumaa aliyorudi msikitini, niliwahi kusimama upande wake wa kulia kabla ya mtu mwingine. Imamu aliposema tunyooshe safu, nililisikia bega lake, bado chini ya langu.

Nikashusha la kwangu mpaka yakagusana.

Funzo nililopata: kabla hujampima mzee mdomo, muulize anafanya kazi gani na anaabudu vipi. Kifaa kizuri kinachokaa kwenye gilasi hakimsaidii mtu.

Mwenye mzee aliyejitenga na watu kwa sababu ya mwili wake, aseme hapa alimrudishaje. Na nyinyi wataalamu wa mgongo, nikosoeni, uwanja ni wenu. Ila mje na vyeti, mimi changu kiko ukutani.