Klachi ya Jipu la Mama Nekesa

Miaka ya themanini nilisimama Kitale, siku yangu ya majaribio katika gereji ya Bwana Singh, nimevaa ovaroli aliyoniazima. Nikipita, kazi ni yangu. Mama Nekesa, mkulima wa Kabuchai, alileta jipu kuukuu: ukikanyaga mafuta injini inanguruma, gari linajikokota.

"Klachi imekwisha," nikasema kabla hata sijafungua mlango. Malori yote niliyoyajua yalikufa hivyo.

"Una hakika, fundi?" Singh akauliza.

"Kabisa! Mama, kanyaga klachi bosi aone ilivyolegea."

Mama akatazama miguu yake. "Nikanyage gani, kijana wangu? Si hii inajibadilisha gia yenyewe?"

Nikainama nimwonyeshe. Pedali zilikuwa mbili tu, breki na mafuta.

"Fundi," Singh akasema taratibu, "hiyo ovaroli ni yangu. Vua."