Giga Nane Mbele ya Skrini Kubwa

Binti yangu ni fundi wa kompyuta, na kama hujasikia habari zake basi hujawahi kukaa karibu nami. Duka letu ni chumba kimoja tu. Dirishani ipo cherehani yangu, na ukutani ipo meza yake yenye bisibisi, feni na kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Kila siku tunagombana kwa sababu ya nyuzi. Yeye anadai nyuzi zangu zinaingia kwenye feni zake, mimi nadai feni zake zinanipeperushia vitambaa. Mchana tunakula pamoja huku tumenuniana, na kazi inaendelea.

Wateja wanamwita Subiri. Mafundi wengine wakishafunga mashine ya gemu huwasha kile kipimo kifupi cha picha za majaribio, na picha ikipita vizuri mteja anaambiwa achukue mzigo wake. Binti yangu hataki mchezo huo. Anaingia ndani ya gemu yenyewe na kuendesha gari mji mzima wa humo, kichochoro kwa kichochoro, mpaka kadi ya picha ipate moto na kumbukumbu yake ijae. Mteja akianza kutikisa mguu anaambiwa, "Subiri." Vijana wamenuna, watu wazima wamenuna. Hata mchumba wake alipoleta mashine yake alisubirishwa vilevile, akatulia, na ndiyo maana nilimkubali.

Mambo ya kumbukumbu nimeyaelewa kwa lugha yangu mwenyewe. Kadi ya picha ni fundi wa nguo, na kumbukumbu yake ni meza ya kukatia. Kitambaa kikienea mezani, mkasi unakwenda. Kisipoenea ni kukunja na kukunjua, kwenda rafuni na kurudi, na hapo ndipo picha inapokwama. Ila usihadaike na meza peke yake. Wapo wauzaji wanaomtafutia mtu wa mfuko mwembamba kadi nzembe yenye kumbukumbu kubwa, wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye anaondoka anachekelea. Fundi mvivu hata umpe meza ya kujaza nyumba, gauni halitaisha. Binti yangu aliposikia maelezo hayo alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Tangu hapo wateja nawaeleza mwenyewe, watake wasitake.

Sasa basi, akaja bwana mmoja aliyekuwa dereva wa lori. Barabara zilikuwa zimemchosha, kwa hiyo aliuza lori na kupanga ukumbi mkubwa mtaa wa pili ili watu waje kucheza gemu. Alitaka mashine za kujaza ukumbi mzima, za bei ya chini, lakini ziweze gemu mpya. Akauliza kumbukumbu kiasi gani inatosha. Subiri akamwambia giga nne asiziguse, zimepitwa na wakati. Giga kumi na mbili ni raha tupu, ila mfuko wake utalia. Za giga nane zitamtosha. Wakakubaliana. Binti yangu akazifunga zote, na kila moja ikasubirishwa mezani kwetu kama desturi. Hakuna iliyokwama.

Siku ya kufungua ukumbi bwana yule alikuwa ametangaza mashindano, na timu zilitarajiwa alasiri. Asubuhi tukaitwa haraka. Tulimkuta ameshika tama mbele ya skrini zake mpya, pana ajabu, zilizokuwa zimefika jana yake. Gari la kwenye gemu lilikwenda vizuri, lakini kila likikata kona lilisita, likaruka, likasita tena. Mashine ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Hakufoka. Alisema taratibu kwamba wachezaji wakiliona hili leo hawatarudi, na yeye lori hana tena. Moyo uliniruka, kwa ajili yake na kwa ajili ya jina la mwanangu.

Fundi umeme aliyekuwa anamalizia nyaya akamsogelea Subiri na kumnong'oneza aseme gemu ndiyo mbovu, kwa vile toleo lenyewe ni jipya, nani atabisha? Njia ya kujitoa kimasomaso ilikuwa wazi kabisa. Binti yangu alikuwa anaipima skrini kwa shubiri, kutoka pembe hii mpaka ile.

Akamgeukia mwenye ukumbi. "Kosa ni langu," akasema. "Nilizipima kwa skrini ndogo ya dukani. Hizi zako ni kubwa na nukta zake ni nyingi, picha zake zinataka nafasi zaidi, kumbukumbu inajaa. Sikukuuliza utatumia skrini gani."

Jamani, kosa hilo lilimtaka mtu anayepima sana! Fundi wa kulipua kazi angewezaje kulifanya, wakati hapimi kitu? Yeye alikiamini kipimo chake, na kipimo kilikuwa skrini ile ile kuukuu aliyoanza nayo kazi.

Bwana akauliza kama basi mashine zote zirudi dukani.

"Subiri," akasema binti yangu.

Akaingia kwenye mipangilio ya gemu, akashusha ubora wa picha za kuta na barabara ngazi moja tu, mengine akayaacha. Kisha akaendesha. Hakuishia kona ya kwanza. Alizunguka mji wote, nasi tumesimama nyuma yake kama tunasubiri majibu ya daktari. Gari halikusita hata mahali pamoja. Akamwita bwana asogeze uso karibu, amwonyeshe matofali yalivyofifia kidogo, asije akasema kafichwa. Akamwambia akiona hayafai atambadilishia kadi zote kwa zenye kumbukumbu kubwa, hata kama faida ya duka letu itakwenda na maji. Bwana akayakodolea macho matofali, akasema watu hawaji ukumbini kwake kukagua kuta.

Mashine ya mwisho ilimaliza kupimwa wachezaji wakiwa mlangoni. Wakacheza alasiri yote, kelele tupu, na mimi nimezikodolea macho skrini tu, hata nani anamfukuza nani sikujua. Hakuna picha iliyokwama. Nahodha wa timu iliyoshindwa alivua hedifoni, akapangusa uso, akasema leo hana hata mashine ya kusingizia. Akauliza aliyezifunga ni nani.

Binti yangu akanyoosha mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na uhakika na jibu. Mimi nikanyoosha wangu wote. Watu wakacheka. Wacheke tu, huyo nimemzaa mimi.