Benchi Ambalo Tata Hakulikalia

Shule niliacha darasa la tatu, lakini stendi ya kwanza yenye paa mjini Kisii niliifanya mimi. Kama kulikuwa na nyingine kabla yangu, sikuiona.

Zamani abiria wa Kisumu na Nyamira walingojea mabasi barabarani, mvua ya alasiri ikiwapiga kama ng'ombe. Kando ya barabara palikuwa na godauni la mawe la mfanyabiashara mmoja, la tangu enzi za Wazungu. Baba yangu, tuliyemwita Tata, aliyabeba mawe yale kichwani akiwa kijana. Kila tulipotoka kwetu Manga kuja sokoni, alilielekezea fimbo: "Jiwe lile la pembeni ni langu." Ndani hakuwahi kukaa. Wabebaji waliishia mlangoni.

Miaka ya sabini ilipoanza, mwenyewe akauza akahama. Nikanunua mimi, niliyeanza na mkungu mmoja wa ndizi. Nikatoboa ukuta madirisha mawili ya tiketi, nikapanua mlango, nikamwaga saruji, nikapanga mabenchi. Benchi moja niliweka chini ya lile jiwe la pembeni. Hilo lilikuwa la Tata. Nilitaka kitu kimoja tu: aje akae pale, watu wamwone, naye aone mwanawe amefika wapi.

Chumba cha nyuma nilikaa na mke wangu, tulinde mali.

Siku ya kufungua mvua ilinyesha, na Tata alikuja na koti lake la kanisani. Akasimama mlangoni, akachungulia, akaona pazia letu na sufuria ya mke wangu.

"Mnalala humu?"

"Kule nyuma tu, Tata. Hapa ni stendi, ni pa watu wote."

"Mimi si watu wote. Mimi ni baba yako."

Kwetu Gusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mila hiyo naijua tangu utoto. Lakini mimi niliona pale ni mahali pa kazi. Yeye aliona kitanda changu kiko chini ya paa lile lile, basi ni nyumba.

"Nitahamisha kitanda leo."

"Kitanda utahamisha. Na kule kulala kwenu utakuhamishaje?"

Mama mmoja muuza ndizi, aliyekuwa amekaa ndani, akacheka. "Mzee, sisi tunakauka na wewe mwenye mtoto unanyeshewa?"

"Kaa tu, mama. Wewe hukumzaa."

Nilijenga nyumba Kiogoro, tukahamia huko. Haikusaidia. Nikaongeza mabati nje, ukutani, na miaka yote alingojea hapo basi la Nyamira la kumrudisha nyumbani, amesimama, kiganja kwenye ukuta. Nikiwa ndani, aliniuliza kupitia dirisha la tiketi:

"Jiwe langu halijapasuka?"

"Halijapasuka, Tata."

"Watu wamejaa?"

"Wamejaa."

"Sawa."

Kisha akaugua, tukampeleka hospitali Kisumu. Alirudi juu ya basi, ndani ya jeneza, na mvua ilikuwa inanyesha. Basi lilikuwa linaishia Kisii. Gari la kumpandisha Manga lilikuwa bado halijaja. Nikawaambia makuli wamwingize, wamweke juu ya benchi lake.

Baba mdogo akashika jeneza. Hakupaza sauti.

"Amekataa miaka yote akiwa na mdomo. Sasa hana mdomo, ndiyo unamwingiza?"

Nikawaambia wamweke chini ya mabati ya nje, pale alipokuwa akisimama. Lakini yalikuwa membamba, jeneza halikuenea. Nikavua koti langu nikafunika upande wa kichwa. Abiria wakaanza kutoka, mmoja mmoja, bila kuitwa. Yule mama wa ndizi akatoka. Mkata tiketi wangu akatoka. Wakasimama nasi.

Mimi mwenye paa kubwa kuliko yote ya mji huu nilinyeshewa siku hiyo hadi gari likaja. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Mabenchi yote yalikuwa matupu, makavu, na nilikuwa naliona lile la pembeni.