Dakika Kumi na Tisa hadi Mbale

Mngurumo ulitangulia. Ulishuka kutoka mawinguni juu ya Wanyange, kwetu Jinja, ukatikisa kioo cha dirisha letu, na ndipo ndege yenyewe ilipochomoza, nene na ya kijivu, ikielekea Mbale. Ilipita kila Alhamisi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na swali moja halikunipa raha: ingefika huko kwa dakika ngapi? Kwa basi, safari ilikula siku nzima. Barabara haikuwa mbaya, ila kila kizuizi cha askari kilitushusha, kikapekua mizigo, kikatupandisha tena.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alifundisha hesabu kule Nabuyonga, Mbale. Nilipomwandikia swali langu hakulicheka. Alijibu kwamba tulinganishe saa zetu na milio ya redio, kisha Alhamisi moja kila mtu aandike saa ndege inapopita kwake. Likizo ilipofika akaja kututembelea, karatasi yake ameibeba ndani ya Biblia. Tuliziweka karatasi zetu mbili kwenye ukingo wa meza ya cherehani ya mama. Kwangu, saa nne na dakika sita. Kwake, saa nne na dakika ishirini na tano.

Dakika kumi na tisa. Nilizitamka polepole, kama mtu anayeonja asali.

Furaha ilituziba masikio, hatukumsikia afande akiingia. Alikuwa askari wa magereza, mtu wa kaskazini, mteja wa mama. Alifuata suruali yake iliyokuwa ikitiwa kiraka. Alizisoma karatasi akiwa amesimama. Mama akaacha kukanyaga cherehani. Ndipo nami nikaelewa tulichofanya: tulikuwa tumeandika saa za ndege ya jeshi, na shangazi alikuwa amezipitisha katika vizuizi vyote vile. Watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na hawakurudi.

"Nani naandika hii saa ya ndege?"

Shangazi alisema ni yeye, mwalimu wa hesabu, peke yake. Nikasema ni mimi, ni hesabu tu, na kwa kuwa sikujua la kufanya, nikamfunulia afande ramani yangu ya shule na uzi niliopimia. Jinja hadi Mbale, urefu wa kidole kimoja.

Aliiinamia ramani, kidole chake kikipanda juu kutoka Jinja.

"Na Kitgum?"

Niliupeleka uzi kaskazini. Nikapima tena kuhakikisha. Ilikuwa mara mbili na nusu ya njia ya Mbale.

"Dakika arobaini na saba na nusu, afande."

"Hiyo nusu mimi natembea na mguu," alisema, na shangazi nusura acheke.

Kisha akatueleza, akiwa bado anaitazama ramani, kwamba hajaona kwao miaka mitatu. Siku hizo, alisema, askari wa kwao walikuwa wakichukuliwa usiku; mtu wa Kitgum mwenye sare haombi ruhusa ya kwenda nyumbani, huomba asikumbukwe. Akafungua pasi ya mkaa ya mama, akatumbukiza karatasi zote mbili, akangoja moshi uishe.

"Mwalimu, hii hesabu weka kwa kichwa."

Akaichukua suruali yake, sindano ya mkono ya mama ikining'inia kwenye kiraka ambacho hakijaisha kushonwa, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake kwa mkono, taratibu, mpaka kitasa kikashika.