Elinami Atafuta Biti Nyembamba

Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na kadi ya mashine ya kutotolesha vifaranga ya Elinami, kibao cha umeme kinachoongoza joto lake, ikaungua. Nyumba nzima ilinuka plastiki. Elinami alikuwa fundi cherehani wa kijiji cha Akheri, mama wa makamo anayeshonea kwaya karibu zote za pale. Mumewe, Sumari, mkulima wa kahawa, alishauri mayai warudishiwe kuku.

"Kuku wenyewe hawataki kuatamia," Elinami akajibu. "Kadi nitaitengeneza mwenyewe."

Sumari alicheka, lakini si kwa sauti kubwa. Alimjua mkewe.

Na kweli, mwanzo ulikwenda vizuri. Kwa kufuata video za kwenye simu, Elinami aligandisha mchoro wa njia za umeme juu ya kibao chenye ngozi ya shaba kwa pasi ya nguo, kisha akakizamisha kwenye dawa. Shaba isiyotakiwa ikaliwa yote, ikabaki mistari safi kama mshono. Kazi iliyobaki ilikuwa kutoboa matundu ya kupitisha miguu ya vifaa. Akachukua drili ya Sumari ya kutobolea milango, akaweka biti nyembamba kuliko zote. Tundu likatoka pana, biti ikang'oa na shaba ya pembeni.

"Hapo hata kifaranga anapita," Sumari akasema.

Kesho yake Elinami akaenda mjini, kwenye duka la vifaa vya umeme la kijana aitwaye Yiamat.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka biti nyembamba kama sindano, na kidrili chake."

Yiamat akamtolea kidrili cha kushika mkononi, na aina mbili za biti. "Hizi nyeusi ni chuma cha kawaida. Zinavumilia, ila kibao cha nyuzi za kioo kinazila makali upesi. Hizi za kijivu ni ngumu mno, makali yanakaa. Ubaya wake, mkono ukitikisika kidogo tu, kwisha habari."

"Mkono wangu unatunga uzi bila miwani," Elinami akasema, akachukua za kijivu.

Ya kwanza ilikatika kabla hajamaliza tundu. Nyingine ilikatika Sumari alipopiga chafya sebuleni. Akapigwa marufuku kupiga chafya ndani ya nyumba, akawa anatoka mbio mpaka migombani huku ameziba pua. Biti zikaendelea kukatika.

Elinami akarudi dukani na vipande kwenye kiberiti. Yiamat akajitahidi asicheke, akashindwa.

"Biti hazina kosa, mama. Unahitaji kitu cha kuishusha wima, isiyumbe kulia wala kushoto. Kuna stendi zake, ila kwangu zimekwisha."

Elinami akarudi nyumbani amenuna, akaketi kumalizia gauni la Jumapili la Soila, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Alikanyaga cherehani huku akiwaza, macho kwenye sindano. Inashuka wima, inapanda wima. Akaacha kukanyaga.

"Baba Lilian!" akamwita Sumari. "Njoo na bisibisi!"

Wakafungua sindano. Pale inaposhikiliwa wakafunga mota ya kidrili, kwa vibanio na kipande cha mpira wa baiskeli, biti ya kijivu ikitazama chini. Elinami akakiweka kibao mahali pa kitambaa. Sumari akawasha mota, akabana pumzi. Elinami akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, polepole, biti ikashuka, ikazama, ikatoka nzima. Kwenye shaba palibaki kitundu kidogo cha mviringo, kizuri ajabu.

Elinami akapiga kigelegele. Sumari akapiga chafya yake iliyosubiri siku zote hizo, na biti haikufanywa kitu.

Walikuwa wanatoboa tundu baada ya tundu, wakigombea zamu ya kuzungusha, Soila alipobisha hodi. Alisimama mlangoni akaitazama cherehani, kisha gauni lake lililokunjwa kitini, mkono mmoja haujashonwa.

"Mama Lilian, gauni langu unalitoboa?"

"La kwako bado, mwanangu. Mashine iko kazini."

Vifaa vilipolehemiwa kwenye matundu, kadi ilifanya kazi, taa ikawaka nyekundu na joto likatulia, tayari kwa mayai mapya. Sumari akawatangazia majirani kwamba "sisi" tumeitengeneza. Jumapili Soila aliimba akiwa na gauni la mwaka jana, amesimama safu ya nyuma.